Shairi la Mapenzi Halipimwi kwa Vidole Peke Yake

(Yafuatayo ni mazungumzo aliyoyatoa mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa serikali, Kizwite, mjini Sumbawanga.)



Nilipoaga ofisini kwamba nasafiri kuja Kizwite kuzungumzia vina, mizani na kurudiarudia katika shairi la mapenzi, ndugu yangu mmoja wa chumba cha habari alicheka. Aliniuliza kama watu wa Ufipa wamekwisha vuna mahindi yao yote, wakayapiga na kuyatia magunia, hata wakapata nafasi ya kusikiliza habari za mapenzi. Nilimjibu kuwa mahindi na mapenzi havijapata kugombana katika uwanda huu. Harusi ya mkulima husubiri mavuno, na mwenye ghala tupu hapeleki posa. Basi tusione haya. Jambo tulilokutania ni la kawaida, nalo lina sehemu yake katika kazi ya mwalimu ya kila siku.

Nimekuja na shairi moja bovu. Ninasema bovu kwa kuwa mtungaji wake ninamjua: ni mimi. Nililitunga nikiwa kijana wa sekondari, katika shule ambayo sitaitaja, nikimkusudia msichana wa mtaa huu ambaye naye sitamtaja, maana hivi sasa ni mama wa watu wenye heshima zao. Nilimpa mwalimu wangu daftari ili anisahihishie. Likarudi na mstari mwekundu chini ya mshororo wa nne na maneno haya pembeni: “Mizani imepungua. Hili si shairi.” Hakuandika zaidi ya hapo. Nililikunja daftari lile, na kwa miaka mingi baadaye sikutunga ubeti mwingine. Nikageukia nathari, ambako hakuna anayehesabu silabi, ndiyo maana leo mnanisoma gazetini.

Ubeti wa kwanza ulikuwa hivi:

Kizwite nakuagiza, barua uipokee,
Baridi yaniumiza, moto uje uchochee,
Moyo wangu wauliza, hadi lini ningojee,
Rudi kabla ya giza, njia isikupotee.

Naomba tuuchukue ubeti huu kama fundi anavyouchukua mlango uliopinda, tuuangalie bawaba moja moja.

Tuanze na mizani. Kila mmoja hapa amefundishwa, au amefundisha, kwamba shairi la kawaida lina mizani kumi na sita katika kila mshororo, nane katika kipande cha kwanza na nane katika kipande cha pili. Mtoto wa shule huhesabu kwa vidole. Si vibaya, hata mafundi wakubwa wamehesabu. Lakini mara nyingi tunasahau kumwambia mtoto kwamba anachokihesabu ni sauti, si herufi. Mizani ni pigo la mdomo. Neno “mtoto” lina mapigo matatu, kwa kuwa ile m ya mwanzo inasimama peke yake. Neno “mbuzi” lina mawili tu, kwa kuwa m imekumbatiana na b, zikatoka pamoja. “Nchi” ni mapigo mawili, “nne” ni mapigo mawili, lakini “kwa” ni pigo moja ingawa lina herufi tatu. Mtoto anayehesabu kwa macho atakosea hapa, na mwalimu anayesahihisha kwa macho atakosea pamoja naye.

Sasa tuurudie mshororo wangu wa nne. Mwalimu alihesabu: ru, di, ka, bla, ya, gi, za. Saba. Alikuwa na haki. Kwa matamshi ya Kiswahili sanifu neno “kabla” lina mapigo mawili, na kipande changu kilipungukiwa na moja.

Lakini mimi sikuwa nimehesabu saba. Nilihesabu nane, tena kwa uaminifu kabisa, kwa sababu nyumbani kwetu, na kwa majirani zetu wote, neno lile lilitamkwa “kabula”. Ndivyo tulivyosema “labuda”, na ndivyo mama zetu walivyotuuliza “dafutari” letu liko wapi. Lugha zetu za Kibantu hazipendi konsonanti mbili za kigeni zisukumane mlangoni. Huziwekea irabu katikati ili zipite kwa adabu. Basi ubeti ule ulikuwa kamili katika mdomo ulioutunga, ukawa na upungufu katika karatasi iliousoma.

Sisemi haya ili kumshtaki mwalimu wangu. Kiswahili sanifu ni mali yetu sote, na taifa lisingeweza kufundisha, kuhukumu kesi na kuendesha ofisi zake kwa matamshi ya kila kijiji. Mwanafunzi lazima ajue kwamba neno ni “kabla”. Ninachouliza ni kwa nini wino mwekundu ulikomea hapo. Malenga wakubwa wana ruhusa zao, nasi tunazifundisha darasani kwa majina ya heshima. Malenga akifupisha neno ili mizani itoshe, akasema “mekuja” badala ya “nimekuja”, tunaita inkisari. Akilirefusha, akasema “enenda” badala ya “enda”, tunaita mazida. Mtoto wa Kizwite akiongeza irabu moja kwa kuwa ndivyo mama yake asemavyo, tunaita kosa. Pengine ni kosa kweli. Lakini mwalimu angeandika, “Hapa umetumia mazida bila kujua. Jua, kisha uamue,” yule kijana angejifunza mambo matatu kwa mara moja: neno sanifu, jina la ufundi, na kwamba mtungaji ni mtu anayeamua.

Jambo kama hilo tunalikuta katika vina. Wengi wetu tuliokulia bara tunajua jinsi r na l zinavyobadilishana viti midomoni mwetu. Msemaji anawahimiza watu waende kupiga “kula”, na wachekeshaji wanapata chakula cha wiki nzima. Katika shairi, mtoto wa namna hiyo ataweka “bora” pamoja na “pembela”, asione kasoro, kwa sababu sikioni mwake hakuna kasoro. Vivyo hivyo kwa “dha” na “za”. Maoni yangu ni kwamba hapa mwalimu asilegeze kamba. Kina ni ahadi kwa msikilizaji, na msikilizaji wa shairi la Kiswahili yuko Lamu, yuko Unguja, yuko Ujiji, yuko Bukavu. Lakini mwalimu asome ubeti ule kwa sauti kwanza, ajue mtoto amesikia nini, ndipo atie alama.

Vina vya ubeti wangu vimetimia. Kati ni za, mwisho ni e. Mwalimu hakuvigusa. Na hapo, ndugu zangu, ndipo ninapotaka kumlaumu kidogo, kwa sababu ubovu halisi wa ubeti ule ulikuwa katika vina, si katika mizani. Tazameni neno “nakuagiza”. Mtu huagiza bidhaa. Mtu huagiza sukari dukani, huagiza mbolea kabla ya msimu, na mkubwa humwagiza tarishi. Nani humwagiza mpenzi wake? Neno lile sikulichagua mimi. Lililetwa na “giza”. Nilikuwa nimekwisha pata mshororo wa mwisho, nikawa natafuta maneno yanayoishia na za, na “nakuagiza” likapita njiani nikalikamata. Kina kilinivuta kama ng’ombe anavyomvuta mchungaji asiyejua kushika kamba.

Tazameni sasa “yaniumiza” katika mshororo wa pili. Hilo nalo lina za, lakini limetulia. Baridi ya uwanda huu mwezi wa Juni au wa Julai, alfajiri, kweli inaumiza, na baada yake panatajwa moto. Kina kimekuja pale ambapo maana ilikuwa imekwisha kufika. Msikilizaji hakisikii kina kama kengele. Anakisikia kama jambo ambalo lisingeweza kusemwa vingine. Tofauti kati ya mshororo wa kwanza na wa pili ndiyo tofauti kati ya kina cha kulazimisha na kina cha haki, na mwanafunzi wa kidato cha pili anaweza kuiona akionyeshwa. Lakini hawezi kuonyeshwa ikiwa swali tunalomwuliza ni hili tu: “Je, vina vimetimia?” Ubeti wangu ungepata alama zote za vina, pamoja na lile “nakuagiza” lake.

Naona wengine wanatikisa kichwa. Labda mnajiuliza kama mzungumzaji huyu amekuja kutuambia tuache vina na mizani. La hasha. Mjadala huo ulikwisha pigwa, na ulipigwa kwa nguvu. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, pamoja na diwani yake, akashikilia kwamba shairi ni wimbo, na lisiloimbika halijafika. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe akatoa Kichomi, akaandika bila kufungwa na vina wala urari wa mizani, na mwaka 1976 Mulokozi na Kahigi wakatoa Malenga wa Bara. Magazeti na kumbi za mikutano ziliwaka moto. Upande mmoja ulisema hayo si mashairi. Upande wa pili ulisema vina na mizani ni nguo tu, si mwili. Zaidi ya miaka hamsini imepita tangu Kichomi kitoke, na vyote viwili vinasomwa mashuleni. Mimi sioni haja ya kuufufua ugomvi ule.

Ila kuna jambo moja katika historia hiyo ambalo hapa Rukwa linafaa kusemwa kwa sauti. Mara kwa mara nimesikia walimu wa bara wakisema kuwa vina na mizani ni mambo ya watu wa pwani, sisi tunayahesabu tu kwa ajili ya mtihani. Sheikh Amri Abedi, aliyeziandika sheria zenyewe, na ambaye baadaye alikuwa meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam na kisha waziri, alizaliwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, ziwa hili hili linalotazamana na Kasanga na Kirando. Mathias Mnyampala, aliyeieneza ngonjera ikaingia katika kila shule ya nchi hii baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Watu hawa hawakuzaliwa wakisikia mawimbi ya bahari. Walijifunza kipimo, wakakitia mdomoni mwao, kikawa chao.

Na kwenu Ufipa mlikuwa na kipimo chenu cha kazi iliyofanywa mara mbili. Wahunzi wa kale wa uwanda huu waliyeyusha mawe ya chuma katika ilungu, tanuru la udongo refu kupita kimo cha mtu, lililojivutia upepo lenyewe bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu. Kilipelekwa katika tanuru dogo, kikafukutwa kwa mivukuto, ndipo kikafaa kwa jembe. Wazee husimulia, na wataalamu waliokuja kuchunguza wameandika, kuwa tanuru lile lilitendewa kama bibi harusi. Ninataja hili kwa sababu vina na mizani ni tanuru la kwanza tu. Vinatenganisha chuma na jiwe. Kuna tanuru la pili, nalo katika shairi la mapenzi ni kurudiarudia.

Hapo ndipo ningependa tukae kidogo.

Shairi la mapenzi ninalolijua kuwa limeingia katika vifua vya Watanzania wengi kuliko mengine ni lile Shaaban Robert alilomtungia mkewe Amina baada ya kifo chake, nalo limo katika kitabu chake Maisha Yangu. Sitalikariri hapa, wengi wenu mnalijua kwa moyo, na asiyelijua atalikuta kitabuni. Ninyi watumishi mtafurahi kukumbuka kwamba mtungaji huyo alikuwa mtumishi kama ninyi. Alikuwa karani wa forodha tangu mwaka 1926 hadi 1944, Pangani ikiwa miongoni mwa vituo vyake, kisha akahamishiwa Longido, kisha akarudi Tanga na kuendelea na kazi za ofisi. Alizaliwa mwaka 1909 na kufa mwaka 1962, na sehemu kubwa ya aliyotuachia aliiandika baada ya saa za kazi.

Mwanafunzi akiulizwa achambue shairi la Amina huandika hivi: shairi ni la beti za mistari minne, mizani ni nane kwa nane, vina vipo, kuna tashbihi ya ua, kuna takriri ya mshororo wa mwisho. Anapata alama zake na kwenda mapumziko. Hakuna alilosema ambalo ni la uongo. Lakini amehesabu nguzo za nyumba bila kuuliza nani amelala ndani.

Tumwulize swali lingine: kwa nini mshororo ule wa mwisho unarudi? Jibu la haraka ni kwamba ni kiitikio, na viitikio vilitoka katika wimbo. Huyo mmoja anaimba, kundi linapokea. Tunayaona hayo katika ngoma za harusi, tunayasikia katika taarabu, na Siti binti Saad, ambaye Shaaban Robert huyo huyo aliandika wasifu wake, alijua sana namna ya kuufanya mstari uliorudiwa uwachome watu upya. Sawa. Lakini katika shairi la Amina hakuna kundi. Mwimbaji ni mmoja na aliyekuwa akimjibu amezikwa. Anajiitikia mwenyewe.

Sasa sikilizeni kwa masikio, si kwa vidole. Katika ubeti wa kwanza vina vya kati vinaishia na nga, na kiitikio nacho, katikati yake, kina nga. Kila kitu kinapatana. Tunaingia ubeti wa pili: vina vya kati vimebadilika. Msikilizaji anategemea mshororo wa nne ufuate. Haufuati. Unarudi vile vile ulivyokuwa, na nga yake. Tunakwenda ubeti wa tatu, vina vya kati vimebadilika tena. Kiitikio bado kina nga. Mishororo mitatu ya juu inasonga mbele, inabadili sauti kama siku zinavyobadilika baada ya msiba. Kila siku ina sauti yake. Mshororo wa nne unakataa kusonga. Umebaki katika sauti ya ubeti wa kwanza, ubeti wa kifo chenyewe. Mfiwa anatembea na watu mchana kutwa, anakwenda ofisini, anapokea salamu, anasaini karatasi, na jioni anarudi mahali pale pale.

Mtunzi mwanafunzi angeogopa kufanya hivyo. Angeona kina cha kati hakilingani, akabadili. Na msahihishaji wa haraka angeweza kupiga mstari mwekundu.

Tutazame pia tendo lililobeba kiitikio kile. Ni kufunga, pamoja na kinyume chake, kufungua. Mapenzi yamefungwa kama fundo, na hakuna mwenye uwezo wa kulifungua. Lakini huko juu, katika ubeti wa kwanza, tendo la kufunga limekwisha kupita mara moja kwa maana nyingine: ua lililochanua kisha likafunga. Neno moja limesema kifo, na mishororo miwili baadaye neno hilo hilo linasema ndoa. Ua lilivyofunga, ndivyo na fundo lilivyofungwa. Kifo kimechukua neno, mjane amelinyang’anya na kulitumia kwa kazi yake. Ninasema mjane kwa mwanamume, nikijua kwamba baadhi ya wazee wetu wangenikosoa.

Hiyo ndiyo kazi ya kurudiarudia katika shairi la mapenzi. Maneno yanabaki yale yale, ila aliyeyasema mara ya kwanza si yule anayeyasema mara ya tatu. Katika taarifa ya ofisi, mstari ukirudiwa mara tatu katibu muhtasi ataukata mara mbili, na atakuwa ametenda vyema. Katika mapenzi hata mtu asiyejua kusoma anajua kuwa kumwita mtu jina lake mara ya pili si sawa na kumwita mara ya kwanza.

Kwa hiyo ningewashauri walimu, kama mnaniruhusu kuwashauri watu mlionizidi uzoefu, kwamba mkifika kwenye takriri msiridhike na mwanafunzi anayesema “ipo”. Mwulizeni: mara ya mwisho mshororo huu unasema nini ambacho haukusema mara ya kwanza? Akisema hakuna kitu, basi ama hajasoma, ama mtungaji amejaza nafasi, na yote mawili ni habari muhimu. Swali hilo halihitaji kitabu kipya wala fedha za wizara. Linahitaji dakika tano na sauti ya mtu anayesoma. Na litawafaa hata vijana wanaosikiliza nyimbo za mapenzi katika simu zao toka asubuhi hadi usiku, nyimbo ambazo viitikio vyake wanavijua vyote kwa moyo. Wapeni swali hilo hilo juu ya nyimbo zile. Nyingine zitaanguka. Nyingine zitasimama, nasi watu wazima tutashangaa.

Ndugu mmoja amenipa kikaratasi kuuliza kama ni halali kumpa mwanafunzi kazi ya kutunga shairi la mapenzi, wakati yako mambo ya kilimo, ya afya na ya kupiga vita ujinga ambayo yangetungiwa. Swali hilo ni la zamani, na katika chama chetu tulilijadili sana enzi za ngonjera. Mimi sioni ugomvi. Kijana aliyejifunza kutosema “nakuagiza” pale alipotaka kusema “nakusihi” ataandika barua bora zaidi kwa bwana shamba. Zaidi ya hayo, mkimkataza hatatunga juu ya mbolea. Atatunga juu ya mapenzi katika ukurasa wa nyuma wa daftari, ambako hakuna atakayemsaidia.

Nimesema nilikunja daftari nisitunge tena. Si kweli kabisa. Kulikuwa na ubeti wa pili, ambao mwalimu hakuuona kwa sababu niliuandika mwaka wa mwisho wa shule, baada ya habari fulani kunifikia kutoka mtaa huu. Nitausoma mara moja tu.

Masomo nimemaliza, safari niielekee,
Wazee wamekuoza, mume umtegemee,
Sina la kukuapiza, Mungu akuongezee,
Rudi kabla ya giza, njia isikupotee.

Mtaniwia radhi kwa “wamekuoza”. Nilikuwa kijana, na sikuona kwamba neno hilo lina maana yake nyingine ya tunda lililokaa sana. Au labda niliiona. Lakini usikilizeni mshororo wa nne. Sikubadili hata herufi. Katika ubeti wa kwanza ulikuwa ombi la mtu anayengoja, na giza lilikuwa giza la jioni tu, la njia ya kutoka sokoni. Katika ubeti wa pili anayeambiwa “rudi” hana ruhusa ya kurudi, na anayesema analijua hilo. Amemwombea heri na mumewe, kisha mdomo wake ukarudia mazoea yake ya zamani. Sikupanga iwe hivyo. Niliandika mshororo ule kwa sababu sikuwa na mwingine wenye vina vile, na uliposimama pale chini ya mishororo mitatu mipya niliogopa.

Jana jioni, nikiwa katika chumba cha wageni hapa mjini, nilijaribu kuutengeneza ili nije kwenu na ubeti usio na kasoro. Nikaweka “Urudi kabla ya giza”. Mizani ikawa nane bila wasiwasi. Nikausoma kwa sauti, kisha nikasoma ule wa zamani. “Rudi” ni neno linaloitwa kwa mbali, mtu amesimama mlangoni. “Urudi” ni neno la mtu anayetoa maelekezo. Ni ndugu yake “nakuagiza”. Nikajaribu “Rudi kabla hata giza”, nikaona limepinda. Nikajaribu mengine matatu au manne, taa ikazimika, nikalala.

Asubuhi hii nilipokuwa nakuja hapa, mama mmoja alikuwa amesimama kando ya barabara akimwita mtoto aliyekuwa akikimbilia upande wa sokoni. Alimwambia arudi kabula ya saa sita. Nilisimama kidogo, nikahesabu kwa vidole.